Baba Gati, Mtu wa Macho

Mwaka umekatika sasa, Baba Gati, tangu moyo wako usimame ukiwa njiani kutoka Bunda. Watu wanategemea tuandike hapa kwamba tumepoa. Hatujapoa. Nyumba yako ya Bweri ina hofu, na mtu wa kutuambia tuogope nini na tusiogope nini ulikuwa wewe.

Wasiokufahamu wajue kuwa ulikuwa Dk. Leodgar Magige, mzaliwa wa Buswahili, mtafiti wa jinsi binadamu anavyoona. Ulisoma Musoma, ukasoma Dar es Salaam, ukasoma hadi ughaibuni, kisha ukarudi huku huku, watu wakakuuliza kama umekosa kazi. Wavuvi wa Makoko walikuita Mtu wa Macho. Kazi yako kubwa ilihusu pembeni mwa jicho, kule tunakoona bila kutazama. Ulifundisha kwamba presha ya macho huanza kula huko, bila maumivu, na mgonjwa haoni giza lolote kwa sababu ubongo unaziba pengo wenyewe.

"Haoni, na hajui kwamba haoni," ulikuwaga unatuambia huku unatafuna jicho la samaki sato, na watoto wanakimbia kwa kinyaa.

Mgeni hakunywa chai kwako kwa amani. Ulimwambia akutazame puani, ukaleta kijiko polepole kutokea sikioni kwake, aseme akikiona. Padri ulimpima. Washenga waliokuja kumposa dada yako Anastazia uliwapima kabla hawajaeleza shida yao. Nilikuwa naona aibu, mume wangu. Leo natamani ungekuwepo uniaibishe.

Kilichokuingiza kwenye kazi hiyo ni bibi yako Gati, aliyepofuka. Shangazi yako aliyerithi jina lake akapofuka pia. Kwetu mtoto akirithi jina, watu wanaamini karithi na mwili wa mwenye jina, basi ukoo ukaliacha jina hilo kabisa. Wewe ukampa binti yetu. Uliwaambia wazee kwamba cha kuogopa ni damu, si jina, na wakatoka kwako hawajaridhika. Mdogo wako Enoka yeye akamwita mwanawe Magige, jina la baba yenu, aliyezeeka sana akitunga uzi kwenye sindano mwenyewe. Ukoo mzima uliupima, isipokuwa watu wa Enoka. Alisema kupima macho mazima ni kuyachuria.

Ndivyo tulivyoishi. Gati akijikwaa, sote tunashtuka. Magige hakuna aliyemwangalia. Akakua, akawa dereva wa bodaboda, na kwa kuwa ana macho ya babu tukamkabidhi Gati ampeleke shule mjini kila asubuhi.

Ulipotutoka, Gati alianza kulalamika kichwa kinamuuma. Siku moja akajigonga kwenye mlango. Enoka akaja na wazee, kwa upole kabisa, akasema aliyekuwa analitetea jina hilo sasa yuko ardhini, mtoto abadilishwe jina, mbuzi yuko tayari. Shemeji yangu hana roho mbaya. Alikuwa anaogopa kama mimi, na hofu haina elimu. Nikamwomba anisubiri nimpeleke kwanza kwa Daktari Luqmani, yule mwanafunzi wako aliyefungua kliniki ya macho mjini.

Magige ndiye aliyetupeleka, tumepanda mshikaki, watatu kwenye pikipiki moja. Luqmani alimpima Gati kwa muda mrefu. Akasema macho ni safi. Kichwa kilitokana na kumlilia baba yake. Nikakaa chini palepale.

Magige, kwa utani wake, akarukia kile kiti, akasema na yeye apimwe, mama mkubwa asije kusema ni mwoga. Luqmani akamwambia amtazame puani, halafu akainua mkono pembeni na kuchezesha vidole. Mimi na Gati tuliuona kutoka pale tulipokuwa. Mkono ukasogea mbele, ukasogea tena. Magige anasubiri tu, anatabasamu.

"Daktari, anza basi," akasema.

Mkono ulikuwa karibu na shavu lake. Gati akanishika kanga. Mimi niliifikiria barabara ya Bweri, malori, na mwanangu nyuma ya pikipiki ile. Mpaka leo nikisikia bodaboda ikipita natoka nje kumtafuta Gati.

Luqmani alitueleza taratibu kwamba kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, kila siku, maisha yote. Akasema wote wa damu ya Mzee Magige waje. Gati naye arudi kila mwaka, kwa kuwa usalama wa mwaka huu si wa mwaka ujao. Basi hofu haikuondoka, Baba Gati. Imeongezeka watu.

Siku hiyohiyo Magige aliiacha pikipiki. Tulipofika nyumbani na kumweleza, Enoka alilia mbele ya wazee. Alipomaliza akasema, kwa kuwa ndivyo alivyo, mbuzi bado yupo, basi abadilishwe jina huyu kijana. Wazee wakaitikia. Magige akasimama, akageuza kichwa chote kumtafuta baba yake alipokaa.

"Baba, jina niachie. Wewe njoo upimwe. Nikipofuka, nani atanishika mkono kama na wewe huoni?"

Enoka aliangalia mikono yake, kisha akauliza kliniki inafunguliwa saa ngapi.

Misa ya kukuombea tumeiomba iwe ya asubuhi. Tukitoka kanisani tunakwenda moja kwa moja kwa Luqmani, ukoo mzima, wazee wakiwemo. Hatujui tutaambiwa nini, na wengine wamesema hawatalala. Tuombee huko uliko.

Unakumbukwa na mkeo Hyasinta ninayeandika haya, binti yako Gati, mdogo wako Enoka, dada yako Anastazia, mwanao Magige, Daktari Luqmani, na ndugu wote wa Buswahili, Bweri na Bunda.

Tuone au tusione, hutatutoka, Baba Gati.