Mama Mkwe Wangu Si Witiri Wala Shufwa

Mpendwa mshauri, naomba msaada, maana hapa nilipo hata nikiulizwa jina langu nitafikiri kwanza. Mimi ni mwandika programu katika ofisi ya maji, na kwa kuwa maji ni ya mgao nilitengeneza programu ya kufungua mabomba, leo nyumba za namba witiri, kesho za shufwa, nikasifiwa mpaka kichwa kikavimba, kumbe mtaani kuna vyumba vya uani vilivyopewa namba za nusu, na mama mkwe wangu anaishi kumi na mbili nukta tano, na tangu programu ianze hajaona tone! Anasema nimemkomoa kwa sababu alinikataa wakati wa posa, mke wangu naye kahamia kwake, ananiambia, "Mama akipata maji ndiyo utaniona," na mimi naapa sikumfungia mtu. Namba naigawanya kwa mbili, baki ikiwa moja ni witiri, ikiwa sifuri ni shufwa, ya mama inabaki nusu, nikiuliza kama ni witiri kompyuta inasema hapana, nikiuliza kama ni shufwa inasema hapana, nikaamuru kila isiyo shufwa iwe witiri, ikamfungulia siku ambayo bomba la nyumba ya mbele, namba kumi na mbili, ndilo analotegemea, limefungwa, matusi yakaongezeka. Sasa niambie, mama mkwe wangu ni nini?

Mkwe Aliyechanganyikiwa

Wee baba! Mama mkwe wako ni mtu mzima mwenye kiu, ndicho alicho. Pole, naamini hukukusudia, lakini yeye atajuaje? Bomba limekauka na anayelifungua ni mkwe ambaye yeye mwenyewe alimkataa. Hata mimi ningenuna.

Sikiliza. Witiri na shufwa ni habari ya namba kamili tu, nusu haimo, kwa hiyo acha kuilazimisha. Kwanza iulize kompyuta kama namba ni kamili. Kama siyo, ondoa kinachofuata nukta, ibaki kumi na mbili, ndipo uulize hilo swali lako. Chumba cha uani kifuate zamu ya nyumba ya mbele, si bomba ni moja? Na programu ikikutana na namba isiyoielewa ikupigie kelele, isikae kimya kama ilivyokaa.

Lakini leo, kabla hujagusa kompyuta, beba madumu ya maji mwenyewe mpaka mlangoni kwake. Habari za nukta ziache ofisini. Sema, "Shikamoo mama, nimekosea, nisamehe," kisha unyamaze hata akikufokea.

Halafu kuna jambo hukuliuliza, na limeniudhi. Umesema kuna vyumba vya nusu, si kimoja, ila umemtaja mtu mmoja. Huyo amelalamika kwa kuwa ana mkwe ofisini. Wenzake hawana mtu huko, wanadhani ndivyo walivyopangiwa. Kawapelekee na wao madumu.