Dakika Ambazo Hukutaka Zipotee

Kwako Baba mpendwa,

Nianze kwa kukiri kwamba siku ile nilipokuletea laini mpya huko Sachangwan sikuja kwa sababu ya mapenzi. Nilikuja kwa sababu ya pesa. Cherehani yangu hapa Rhonda inalisha watoto wawili na kulipa kodi ya nyumba, na kila mwisho wa mwezi nilikuwa naona simu imekula kuliko mtoto mkubwa. Akinyi, yule tunayeshona naye kibanda kimoja, ndiye aliyenicheka. "Wewe unasomesha watoto wa wenye kampuni," aliniambia. "Hamia kwa hii laini ya bei ya chini, tuko wengi." Niliona haya kidogo, maana hapa mtaani wanaiita laini ya wenye shida. Lakini shida nilikuwa nazo, basi nikahamia. Laini ya zamani nikawaachia wateja na mambo ya kutuma pesa.

Likabaki tatizo moja. Zile dakika za bei rahisi zinafanya kazi ukimpigia mtu wa laini hiyohiyo, na wewe ulikuwa na namba yako tangu mwaka uliouza ndama ukanunua simu ya kwanza. "Namba si shati," uliniambia. "Watu wananijua na hii." Nikakufungulia kabambe yako, ile simu ndogo ya vibonye, nikakuonyesha kwamba ina nafasi mbili za laini, na moja haijawahi kuguswa tangu uinunue. Uliitazama ile nafasi tupu kwa muda. Kitu kimelipiwa na hakitumiki, kwako hiyo ilikuwa dhambi.

"Haya, weka," ukasema. "Lakini rahisi huwa ghali. Utaona."

Baba, kabla ya hapo mimi na wewe hatukuwa tunaongea. Tulikuwa tunasalimiana. "Umeamka?" "Nimeamka, Baba." "Watoto?" "Wazima." "Haya, nisikumalizie pesa." Na simu imekatika, hata kama mimi ndiye niliyepiga, hata kama nilikuwa na neno. Wenzangu walikuwa wanasema baba zao wako hivyohivyo, lakini wenzangu walikuwa na mama wa kupigia wakitaka kuongea. Mimi wangu alikufa nikiwa na miaka minne, na wewe hukuwahi kutaja jina lake mbele yangu. Picha haikuwepo. Shangazi aliyenilea alikuwa akisema "muulize baba yako," na nikikuuliza ulikuwa unakumbuka ng'ombe hajapewa maji. Nilikukasirikia miaka mingi. Niliamini umemsahau, na kwamba mimi nimebaki na kusahau kwako kama urithi.

Jumapili ya kwanza nilikupigia baada ya kanisa. Ulikuwa nyuma ya boma la ng'ombe, umekalia debe, kwa sababu laini yenyewe ilikuwa inashika hapo peke yake. Tukasalimiana. Ukasema haya, nisikumalizie. Nikakuambia hunimalizii, nimenunua dakika hamsini za leo, na zisipoisha leo zinapotea.

"Zinapotea wapi?"

"Kampuni inazichukua."

"Na umelipa?"

"Nimelipa, Baba."

Wewe ulikuwa mtu ambaye ukishavuna viazi ulikuwa unarudi shambani na kikapu kuokota vile vidogo kama gololi, ambavyo hata mbuzi anavifikiria mara mbili. "Aa-a," ukasema. "Hapana. Basi tuongee mpaka ziishe."

Tukaongea juu ya viazi. Tukaongea juu ya bei ya mbolea, juu ya pasta mpya ambaye mahubiri yake ni marefu, juu ya jirani aliyebadilisha mabati. Dakika ya kumi na nne tukawa tumemaliza ulimwengu. Nikasikia lori likipanda mlima huko barabarani, likijikokota. "Bado?" ukauliza. "Bado, zimebaki zaidi ya thelathini." "Hii ni kazi," ukasema, lakini hukukata. Ukaniuliza kwa mara ya kwanza ninachoshona ni nini hasa. Nikakueleza jinsi ya kukata sketi ya shule isiyombana mtoto akikua, na ukauliza maswali, na maswali yako yalikuwa ya maana.

Tulienda hivyo Jumapili tatu. Ya nne mvua ilikuwa inanyesha kwako, umejibanza chini ya paa la boma.

"Zimebaki ngapi?"

"Kumi na moja."

"Na maneno imeisha."

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikasema, "Niambie kuhusu Mama."

Nikadhani laini imefanya mambo yake. Nikakuita. Ukasema, "Niko." Nikasikia mvua kwenye mabati, na mimi huku nimeshika mkasi sijui wa nini. Kisha ukasema, kwa sauti ileile ya bei ya mbolea, "Mama yako alikuwa anaogopa ng'ombe."

Hilo ndilo jambo la kwanza nililowahi kujua kumhusu. Kwamba alizaliwa kwa wafugaji na aliogopa ng'ombe, kwamba alikuwa anakamua ameangalia pembeni na anamsemesha ng'ombe maneno ya kumbembeleza, tena kwa heshima, kama anaongea na mama mkwe. Ulicheka. Sikuwa najua una kicheko cha namna hiyo. Zilipoisha zile kumi na moja nilikuwa nimekaa sakafuni katikati ya vitambaa.

Wiki iliyofuata hukungoja niulize. Ukanipa ile ya karoti. Kwamba alikuwa anauza karoti barabarani, na siku moja basi likasimama, abiria mmoja akachukua mafungu sita kupitia dirishani, na dereva akaondoa gari kabla Mama hajalipwa. Kwamba hakupiga kelele. Aliwaachia wenzake bidhaa, akateremka kwa miguu mpaka Salgaa, ambako alijua mabasi yanapumzika kwa saa kadhaa. "Akaingia hotelini," ukasema, "akamkuta dereva anakula nyama, akamwambia..."

Na laini ikakatika.

Nilijaribu mara kumi na moja, Baba. Hakuna. Nikashindwa kuvumilia, nikakupigia na laini ya zamani, ile ghali. Ukapokea. "Hii ni ya pesa," ukasema. "Tutaongea Jumapili." Ukakata.

Wiki nzima. Nilishona kola za mashati nikiwaza yule mwanamke amesimama hotelini Salgaa mdomo wazi. Akinyi alinicheka mpaka akachomwa na sindano, kisha naye akaanza kuuliza kila asubuhi kama baba hajapiga. Jumapili ilipofika hukusalimia hata. Ulianzia pale ulipoachia.

"Akamwambia, kula pole pole, mimi niko na siku mzima. Akavuta kiti, akakaa meza yake, akaanza kumwangalia kila tonge. Yule dereva akashindwa kumeza. Akalipa karoti, na akamnunulia chai na mandazi mbili." Ukaongeza, "Moja alikula yeye. Ingine ulikula wewe."

"Mimi?"

"Si ulikuwa mgongoni."

Sikumbuki, Baba. Nimejaribu sana na sikumbuki. Lakini nilikuwepo, nimebebwa mpaka Salgaa na kurudishwa mlimani, na huyo aliyenibeba nilimlaumu miaka yote kwa kuniacha bila kitu hata kimoja.

Kuna Jumapili moja nilikugombeza. Nilikuuliza kwa nini hukuniambia haya nikiwa mdogo, wakati nilikuwa najitungia mama kitandani, mmoja mrefu, mmoja mweupe, mmoja mwalimu. Sikukuuliza kwa upole. Ulingoja nimalize, ukasema, "Nilikuwa naogopa nikianza sitanyamaza. Na kulikuwa na viazi ya kupanda, na wewe wa kulisha." Hukujitetea zaidi ya hapo. Nilikuwa nimejiandaa kukujibu vikali, lakini hasira ambayo nilikuwa nimeitunza tangu utotoni ikaanza kunitoka taratibu. Sisemi iliisha siku hiyo. Ilichukua dakika nyingine nyingi.

Na sasa niseme jambo ambalo hukujua kuwa niliona. Unajua kwetu mtoto akipewa jina la nyanya yake, babu humtania kwa kumwita bibi yangu, yaani mke wangu. Nyambura wangu ana jina la Mama, na kwa miaka saba hukumwita bibi yangu hata mara moja. Hata Nyambura hukusema. Ulikuwa unasema "yule mdogo." Yule mdogo anasoma? Yule mdogo amepona kikohozi? Nilikuwa nakusikia na kukuhesabia kosa. Kisha Jumapili moja, katikati ya habari za ndama, ukasema tu, "Na bibi yangu yuko wapi leo, amekataa kuniongelesha?" Nikampa simu haraka kabla hujanisikia nikilia. Akakuambia, "Niko hapa, Guka, naosha viatu." Nikatoka nje nikasimama kwa kamba za nguo. Mliongea mpaka dakika zikaisha, na sikuuliza mlichoongea.

Tulipata miezi minane ya Jumapili, Baba. Laini ilikatika mara nyingi, ilisikika kama mtu yuko ndani ya pipa, mara nyingine sauti yako ilinifikia baada ya mimi kujibu. Sikujali. Hukuwahi kunisimulia alivyokufa, nami sikukuuliza. Dakika zote ulizimalizia kwenye maisha yake, na nadhani hiyo ilikuwa hesabu yako mwenyewe, na ilikuwa hesabu nzuri. Leo najua alipenda chai ya sukari nyingi, alivaa gambuti zako, vile viatu vya mvua, bila ruhusa, na wimbo wa kanisa ulimshinda lakini hakuacha kuimba. Najua alikuwa na mwanya. Najua kwamba ulimpenda, maana hakuna mtu anayekumbuka jinsi mwingine alivyokamua ng'ombe kwa miaka thelathini na zaidi kama hakumpenda.

Ulipougua ile baridi ya Julai nilifika ukiwa bado unanijua, nikakushika mkono, na sikupata kusema nilichotaka. Nakisema sasa. Asante. Ungeweza kukata simu kama ulivyozoea. Nilitaka kuokoa pesa kidogo nikapewa mama mzima, na wewe juu yake.

Tulikuzika kando yake, chini ya ile miberoshi. Nililia sana, mpaka Shangazi akanishika akasema inatosha, baba alikuwa amekula chumvi nyingi. Sikumweleza. Wewe nilikulilia asubuhi. Machozi ya kaburini yalikuwa ya Mama, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, kwa sababu sasa nilikuwa namjua niliyempoteza.

Pumzikeni.

Binti yenu,
Mama Nyambura