Tulisafisha Ushahidi kwa Mikono Yetu

Jumamosi, Septemba inaishia. Hapa Bladensburg, huku ughaibuni, jua linawaka na anga ni buluu tupu, kama vile wiki mbili zilizopita hakukutokea kitu. Nimekasirika mpaka na jua.

Naandika huku mtandaoni kwa sababu huku hakuna anayeniangalia usoni. Ukurasa huu una wasomaji sita, na nadhani wawili kati yao ni mimi mwenyewe nikiufungua maktaba.

Barua ya bima ilikuja jana. Wamekataa kutulipa.

Ngoja nieleze taratibu, maana kichwa kinachemka. Kimbunga kilipofika kwetu kilikuwa kimeshachoka, hivyo ndivyo walivyosema kwenye televisheni. Lakini kilibakiza nguvu ya kuvunja tawi la mti wa jirani na kulitupa juu ya paa letu. Vigae vikang'oka, tundu likabaki juu ya chumba changu, mvua ikaingia humo. Dari ikavimba kama tumbo, ikaanguka juu ya kitanda. Maji yakateremka hadi chumba cha chini ya nyumba, yakakutana na yale yanayochuruzika kutoka kwenye udongo kila mvua kubwa ikinyesha.

Nyumba hii Mama aliinunua kwa mgongo wake, kwa miaka ya kuwainua na kuwageuza wazee wa watu vitandani. Kabla ya hapo tulikaa ghorofani Silver Spring, tukisikia jirani wa juu akipiga mswaki. Jana, akiikunja ile barua, Mama alisema paa lisipotengenezwa kabla ya baridi itabidi tuuze, turudi ghorofani. Alisema hivyo bila kuniangalia.

Na kosa ni langu. Hakuna anayejua. Yaani, mpaka leo asubuhi hakuna aliyejua.

Siku ya pili baada ya mvua, mimi ndiye niliyewapigia simu watu wa bima. Nilisoma Tanga mpaka darasa la tano, nikaendelea na shule huku, kwa hiyo kila karatasi yenye nembo naletewa mimi, na kila simu ya Kiingereza kigumu napewa mimi. Mdomo wa nyumba hii ni mtoto ambaye darasani hajanyoosha mkono tangu shule ifunguliwe. Mwanamke wa bima kwenye simu aliniambia polepole: funikeni tundu kwa plastiki, pigeni picha, na msitupe kitu chochote wala kutengeneza chochote mpaka mkaguzi aje Jumatano.

Nilipoweka simu chini, sebule ilikuwa imejaa. Mama Wambui, rafiki yake Mama, nesi, alikuwa amekuja na wanawake wanne wa kanisani kwake, na ndoo, na brashi, na sabuni ya unga. Sisi Waislamu, wao Wakristo, lakini mbele ya uchafu dini yetu ni moja.

"Mama," nikasema, "wamesema tusi..."

Wote wakageuka kunitazama. Macho yote yale! Sauti ikaniishia hapo hapo.

"Wamesema nini, mwanangu?"

"Anakuja Jumatano."

"Jumatano!" Mama Wambui akapiga makofi. "Sasa huyo mzungu akuje akute hii uchafu yote? Hapana, Mama Rehema. Wewe msichana, shika ndoo."

Nikashika ndoo.

Nilisugua. Hicho ndicho kinachoniuma kuliko vyote: nilijua, na nilisugua kuliko wote. Nilifuta michirizi ya maji ukutani mpaka vidole vikaniwasha. Zulia likatolewa, godoro likatolewa, picha haikupigwa hata moja. Mjomba Salim, kaka yake Mama, ambaye kazi yake ni kupaka rangi maghorofa huko Falls Church, akakata dari iliyooza, akagongelea mpya, akapaka nyeupe. Juu ya paa akaweka kiraka cha mbao na lami, cha kusogeza siku. Akarudi nyuma hatua mbili akakunja mikono.

"Mpwa wangu, niambie nilipokata. Huwezi kupaona!"

Kweli hapakuonekana. Ole wetu.

Jumatano mkaguzi akaikuta nyumba inanukia udi. Mapazia yamepigwa pasi. Mama alimtengea chai ya tangawizi na vitumbua, akala vinne, makombo yakabaki kwenye tai yake. Mama akamwonyesha dari kwa kidole, kwa fahari kabisa. Yule bwana hakupanda paani; akaitazama dari nyeupe, akateremka chini, akagusa ukuta wenye unyevu, akaandika. Halafu akaniambia mimi, kwa upole, kwamba haoni dalili yoyote ya maji kuingia kutoka juu. Anachokiona ni maji ya ardhini, na bima yetu haihusiki na maji ya ardhini.

"Anasemaje?" Mama akauliza.

"Anasema nyumba ni nzuri."

Na kweli alisema hivyo, alipokuwa mlangoni. Nilichagua sentensi moja nikaziacha nyingine zote.

Mama akamfungia vitumbua vya kuchukua.

Wiki nzima aliimba akipika. Kila nikimsikia nilitamani ardhi inimeze.

Leo asubuhi nimeketi na mkataba wa bima, kurasa zote, na kamusi pembeni. Ningeusoma mapema! Kumbe kwao maji si maji. Yakianguka kutoka juu, upepo ukishatoboa paa, wanalipa. Yakipanda kutoka chini, mto ukifurika au udongo ukijaa, hayo yana bima yake ya peke yake, inanunuliwa kando, na sisi hatuna. Tunaishi karibu na mto na hakuna aliyetuambia! Karatasi hii imekaa kwenye droo ya Mama miaka miwili, kwenye plastiki yake, safi, haijafunguliwa. Mama aliamini kulipa kila mwezi ndiyo kuwa na bima. Nami niliamini vivyo hivyo, na mimi ndiye ninayejua kusoma.

Mwisho wa barua kuna mistari miwili ya herufi ndogo: tukiwa na ushahidi mpya, tunaweza kuomba ukaguzi urudiwe.

Nilitoka na ndara. Takataka zetu kubwa bado ziko nyuma ya nyumba. Baada ya kimbunga foleni ya lori ni ndefu, sisi tumepangiwa Jumatatu. Nililivuta lile zulia, likanirushia maji ya kunuka. Chini ya godoro nikakuta kipande cha dari ya zamani, kikubwa kama trei. Kina duara la kahawia, na majani ya mti wa jirani yamegandia upande wa juu. Upande wa juu! Ardhi haioti majani darini.

Nikakiingiza ndani, nikakiweka juu ya meza ya chakula, nikamwambia Mama yote. Simu. Ndoo. Mkaguzi.

"Ulijua?"

"Nilijua."

Aliendelea kumenya viazi. Angenifokea ningepumua.

Mjomba nilimpigia mwenyewe. Nikamwambia tunahitaji aandike alichokikuta darini kabla hajakata, nami nitakitafsiri.

"Yaani niandike kuwa nimeharibu kazi?"

"Uandike ulichokiona, Mjomba. Tundu na maji yake."

Akaguna. "Nakuja kesho. Lakini useme dari niliipaka vizuri."

Jumatatu saa tatu asubuhi nitapiga simu tena. Sauti ikitetemeka itetemeke. Sikati mpaka wanipe siku, na mkaguzi akija nitamtafsiria Mama kila neno, hata yale ya kuumiza.

Sijui kama watalipa. Sijui kama Mama atanisamehe.

Sasa hivi amekuja na kitambaa chenye maji. Nilidhani atakiondoa kile kipande cha dari, maana meza ile haijawahi kulala na punje ya wali. Amefuta upande mmoja, akazunguka, akafuta upande wa pili. Kile kipande hakukigusa.