Kipindi cha Giza, Darasa la Nne

Mwanaisha shoga yangu,

Nimerudi sasa hivi kutoka pwani, miguu imejaa mchanga na sina nguvu ya kuiosha. Nimekaa kitandani na daftari ambalo mwanafunzi mmoja hakulimaliza, naandika kurasa za nyuma. Sijui kama huko uliko barua zinafika. Lakini wewe mwenyewe ulikuwa ukiniambia, "Neema, ukiwa na jambo liseme, usilifuge kama kuku." Basi acha niseme.

Nimechoka, shoga. Wiki ile ile ya msiba mwalimu mkuu aliniita ofisini, akasema mwalimu mwingine wa sayansi hapatikani leo wala kesho, kwa hiyo vipindi vyako nivishike mimi. Mimi wa Kiswahili. Mimi niliyekulia Lushoto kwenye ukungu na maharage, niliyeiona bahari kwa mara ya kwanza nikiwa na cheti cha ualimu mkononi. Nikasema sawa, maana hata kukataa kunataka nguvu. Nilikuwa sijalia bado.

Mazishi yako sikuyawahi, na hilo bado linanila. Presha ilikuangusha Jumamosi asubuhi ukikuna nazi, kufika alasiri wameshakuzika. Mimi nilikuwa nyumbani Lushoto kwenye kipaimara cha mtoto wa kaka yangu, sahani ya pilau mkononi, simu ikaita. Kesho yake nilipofika hapa Kigombe nilikuta wanawake wamekaa mikekani, mama yako akanishika mkono akasema, "Mwenzio katangulia." Nikakaa. Nyinyi mna maneno yenu ya msiba na sisi tuna yetu, na siku ile sikujua niseme yapi.

Nikuambie kuhusu Alhamisi zako.

Nilikuwa nikipita nje ya darasa la nne, madirisha yameshazibwa kwa mablanketi, nakusikia ndani. Ulikuwa unavaa buibui lako la zamani, na kitochi kidogo umekifunga kwenye waya kinaning'inia mbele ya paji la uso. "Mimi ni samaki wa kilindini. Huku kwetu jua halijafika tangu dunia iumbwe. Nani ataniuzia mafuta ya taa?" Watoto wanajibu, "Hakunaaa." "Basi nimeota taa yangu mwenyewe." Samaki wadogo wanaifuata ile taa, na wewe unawameza mmoja mmoja, unatafuna kwa kelele mpaka darasa la tatu jirani wanagonga ukuta. Halafu ngisi mwenye wapangaji tumboni, vijidudu wanaomlipa kwa mwanga, ili adui aliye chini akitazama juu asikione kivuli chake. Na yule mume wa samaki wa taa, mdogo kama kidole, anayemng'ata mkewe ubavuni akaganda hapo hapo maisha yake yote, anakula kwa damu ya mke. Hiyo ulikuja kutuhadithia ofisini ukaongeza, "Wangu wa kwanza alikuwa wa ukoo huo." Tulicheka mpaka mwalimu mkuu akafunga mlango wake.

Kuna siku mtoto mmoja aliuliza kama silikanti, yule samaki wa kale, naye anawaka, maana baba zao wanamnasa huku kwetu na wanamwonea fahari. Ukasema, "Silikanti hawaki. Macho yake yanarudisha mwanga tu, kama ya paka. Tusimpe sifa isiyo yake." Mtoto alinuna. Wewe hukujali.

Mimi najali mtoto akinuna, ndiyo maana nikaharibu.

Alhamisi yangu ya kwanza niliziba madirisha kama wewe. Buibui niliona haya kuvaa, nikajifunika kitenge. Betri za kitochi zilikuwa zinakufa. Nilikuwa nimechota ndoo ya maji ya bahari asubuhi, nikawaambia watoto nikiyakoroga watayaona yanang'aa, kama nilivyokusikia ukisimulia. Nikakoroga. Maji yakabaki maji. Nikakoroga tena, jasho linanitoka. Hakuna aliyenicheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Walikuwa wananihurumia.

Halafu Tatu akanyoosha mkono. Tatu wa Kombo mvuvi, yule mwembamba wa dawati la mbele. Baba yake ni mmoja wa walioingia kaburini kukupokea. Akauliza, "Mwalimu, baba kasema Mwalimu Mwanaisha kalazwa chini wakamfukia, na humo ndani giza tupu. Yeye ana taa?"

Darasa zima likanigeukia.

Nikasema, "Ndiyo, anayo."

Nilisema hivyo kwa uchovu, Mwanaisha. Nilitaka kengele igonge niende zangu.

Jumatatu yake Kombo alikuja shuleni. Hakupaza sauti, heri angepaza. Alisimama mlangoni mwa ofisi, kofia mkononi, akasema, "Mwalimu Neema, jana magharibi mwanangu nimemkuta makaburini, peke yake, kakaa kando ya kaburi la mwenzio. Namuuliza unafanya nini, ananiambia anangoja taa iwake. Anasema wewe ndiye uliyemwambia."

Mwalimu mkuu akasema kipindi cha giza kimekwisha, watoto wasome kitabuni kama wenzao. Wazazi wengine nao wakaanza, kwamba toka mwanzo ile habari ya kuziba madirisha ilikuwa na mashetani yake. Jioni ile nikaandika barua ya kuomba uhamisho nirudi Lushoto. Niliiandika vizuri kuliko barua yoyote niliyowahi kuandika.

Lakini sikuipeleka kesho yake, kwa sababu mama yako alinitumia daftari lako la maandalio kupitia kwa mjukuu. Alikuwa analipangusa akaona ni la shule. Nikalifungua nikiwa jikoni, ugali motoni. Ukurasa wa vijidudu wa baharini umeandika kwa kalamu nyekundu: "Mchana hawawaki hata uwafunike. Wana saa yao ndani. Wapelekwe watoto kwao usiku, sio waletwe wao." Ugali ukaungua. Nilikaa kwenye kigoda nikalia hadi jirani akaja kuuliza kuna nini. Kilio chote cha Jumamosi ile, kilikuja siku hiyo kwa ajili ya mstari mmoja wa wino mwekundu.

Nikaenda kwa Kombo. Mkewe akanipa kiti. Nikawaambia nimekosa, nilimdanganya mtoto, naomba nimweleze ukweli. Nikaomba ruhusa ya kumpeleka Tatu ufukweni baada ya Isha, wao wawili wakiwepo, na mzazi mwingine yeyote atakayetaka. Kombo alichokonoa ukucha kwanza. Mwisho akasema, "Ngoja kesho. Kesho mwezi haupo."

Kesho yenyewe ndiyo leo.

Walikuja watoto wengi kuliko nilivyotarajia, na mama zao wamejitanda, na baba wachache waliosimama mbali kidogo kama watu waliokuwa wanapita tu. Mwalimu mkuu hakuja, ila hakukataza. Mama yako alikuja. Alikuja na fimbo yake na buibui lako kwapani, akanipa. Nikalivaa. Nililivaa nyuma mbele, watoto wakacheka, na mimi nikacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu uondoke.

Maji yalikuwa yametulia. Nikaingiza mkono nikakoroga, nikiomba kimoyomoyo. Yakawaka, Mwanaisha. Ubuluu mwembamba ukanizunguka vidole. Miaka yote niliyoishi Kigombe sikuwahi kushuka majini usiku kuyaona, kwa woga wangu wa mtu wa milimani, na wewe ulinialika mara ngapi.

Nikawahadithia. Sikuwa mzuri kama wewe, sauti ilikuwa inakatika. Nikasema kijidudu huyu ni mdogo kiasi kwamba wenzake wengi wanatosha kwenye tone moja. Akija mlaji akamgusa, anawasha taa, ili mlaji naye aonekane, aje mkubwa zaidi amle. "Yaani anamchongea," akasema mtoto mmoja. Nikasema ndiyo, anamchongea. Basi wakaanza kupiga maji kwa viganja, kila mmoja anachongewa. Kombo alikuwa amechuchumaa kando yangu. Akasema polepole, "Maisha yangu yote nayaona haya. Nilijua ni chumvi."

Tatu hakuingia majini. Nikamfuata pale alipokuwa ameshika kanga ya bibi, mama yako. Nikachuchumaa mbele yake.

"Tatu, siku ile nilikudanganya. Mwalimu Mwanaisha hana taa. Taa ni za walio hai."

"Kwa hiyo yuko gizani?"

"Mwili wake uko mchangani, na mwili uliokufa haujui giza wala mwanga. Zaidi ya hapo mimi sijui."

Akamtazama mama yako. Mama yako akasema, "Mengine anayajua Mola, mjukuu wangu. Sisi tunamwombea tu."

Tatu alifikiri. Halafu akaachia ile kanga, akaenda majini hadi magotini, akachota maji kwa viganja, akayaangalia yakichuruzika yakiwaka mpaka yakaisha. Akageuka akaniuliza, "Na hawa wakifa, taa inazimika saa hiyo hiyo, au inabaki kidogo?"

Nikamwambia sijui.

Akasema, "Mwalimu Mwanaisha angejua."

Nikamwambia ni kweli, angejua.

Ile barua ya uhamisho bado iko kwenye pochi, nisikufiche. Sijaichana. Kuna asubuhi naamka natamani ukungu wa kwetu mpaka kifua kinauma, na vipindi vyako na vyangu kwa pamoja vinaniua. Mwalimu mkuu amesema atafikiria kuhusu Alhamisi. Huenda akakubali, huenda asikubali. Mama yako tumemsindikiza hadi mlangoni, mimi na mke wa Kombo. Anakula vizuri, ila nazi siku hizi anakuniwa na majirani.

Macho yanajifumba, niishie hapa. Kwaheri, Mwanaisha. Sikukuaga siku ile kwa sababu sikuwepo, basi nakuaga leo. Swali la Tatu nitalitafutia jibu. Nitauliza kila ninayeweza kumuuliza, nitasoma hata kama ni lugha ngumu, na nikilipata nitampa yeye kwanza. Nikilikosa nitamwambia nimelikosa. Hilo nakuahidi.

Mwenzio,
Neema