Kengele ya Reli, Kasikeu

Mama Mwende wangu,

Najua huko Kabati unaomba nisirudi na chuma kingine cha zamani. Maombi yako yamejibiwa.

Kanisa moja hapa Kasikeu limetundika kipande cha reli ya kale mtini, ndiyo kengele yao. Unatujua sisi wa reli, chuma lazima tukisikilize. Nikaokota jiwe, nikagonga mara kadhaa, macho nimefumba. Kufumbua, akina mama wamejaa uwanjani, mmoja bado ana mwiko mkononi.

"Nani amekufa?"

Kumbe ikilia siku isiyo ya ibada, ni msiba.

Nikasema nilitaka tu kusikia sauti yake. Yule wa mwiko akaniangalia. "Muthokoi yangu inaungua. Twende ukaile."

Nimeila yote, mahindi na maharagwe, hata ukoko, huku nikisifu ile reli na vyuma nilivyokusanya nyumbani mpaka akachoka. "Na hizo chuma zako za nyumbani," akauliza, "zinafanya kazi gani?"

Nikamaliza sahani, nikaomba karatasi ya kukuandikia.

Basi ile taa yangu ya reli niliyokukataza kuigusa, stima ikipotea, iwashe. Nikiikuta na masizi nitanyamaza. Nitajaribu.

Akupendaye, mdomo ukinuka moshi,
Baba Mwende