Chui Asiyejua Kutaniwa

Cité Albert,
Élisabethville,
9 Septemba 1952.

Mpendwa mdogo wangu Liévin,

Pokea salamu za nyumba nzima. Habari ya afya yako huko Ndola, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi? Sisi tu wazima. Binti yako Annie, uliyetuachia mama yake alipofariki, anazidi kurefuka. Gauni la Pasaka limekwisha kuwa fupi.

Barua yako ya mwisho ilinichekesha. Ulinieleza kitenzi cha Kiingereza ulichojifunza kazini, "dupe", yaani kumlaghai mtu kwa kumwaminisha kwanza. Ukasema husemwa zaidi juu ya yule aliyelaghaiwa, na kwamba humfanya aonekane mjinga kidogo. Basi ujue nusura dada yako awe mfano wake.

Jumamosi alikuja mwanamume nadhifu, akijiita Rigobert. Alisema ni ndugu yetu wa ukoo wa Chui, kutoka Mitwaba, na kwamba umemtuma amchukue Annie amlete kwako kwa njia ya Kipushi. Alijua jina lako, kazi yako, hata namna unavyokohoa. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Mimi yalinitoa jikoni na sahani ya bukari na samaki mkononi. Alipokuwa akila, nilikuwa nafunga nguo za mtoto.

Hapo akaingia jirani yetu Mama Nkandu. Unamkumbuka: ni wa ukoo wa Mbuzi, mtani wetu, na hajawahi kumsalimia Chui bila kumtukana. Akamtazama mgeni, akasema, "Chui gani hii? Inakulaka sawa imbwa ya njala. Leta ile samaki, miye Mbuzi njo mukubwa yako."

Chui wa kweli angecheka na kumrudishia. Huyu alikunja uso, akasukuma sahani. "Mama, heshimu bantu. Miye siko mutoto yako."

Tulitazamana. Hata kwenye matanga watani wetu hututupia maneno mabaya kuliko hayo, wala hakuna anayenuna. Nikamwuliza mama yake ni mtoto wa nani. Akasema anatoka kidogo kununua sigara, na mpaka leo anazinunua. Mume wangu Edouard amewaarifu polisi.

Liévin, nilicheka huku machozi yananitoka. Moyo umetulia sasa. Namshukuru Mungu, na Mama Nkandu nimempa kuku, ingawa anatangaza mtaa mzima kwamba akina Chui tuna makucha lakini hatuna akili.

Ila Annie hakufurahi. Alikaa mlangoni na furushi lake la nguo, akanikataza kulifungua. Hakumlilia yule mtu. Alilia kwa sababu aliamini kweli umemwita. Nimemwambia utakuja kumchukua mwenyewe, kabla ya Noeli. Usinifanye mwongo mbele ya mtoto.

Edouard na Mama Nkandu wanakusalimu. Nisalimie binamu yetu Mwaba na mkewe Edith. Mungu akulinde, akufungulie njia ya kuja huku.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukungoja,

Marceline