Ni Hapo Tu

Ndama, Karagwe
3 Juni 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na kikohozi kimekuachia. Mimi sijambo, ila moyo hautulii. Zamani kila Jumapili ukitoka misa ulipanda kilimani kutafuta mtandao ili unipigie. Siku hizi napokea karatasi tu kutoka kwa Anastazi dereva. Kilima kimehama?

Kazini nimeharibu, na unajua bado niko kwenye majaribio ya kuongoza watalii hapa kambini. Mgeni mmoja mzee aliniuliza kama chemchemi iko mbali. Nikamjibu ulivyotulea, kwamba mwenye safari haambiwi "mbali", atavunjika moyo kabla ya miguu. Nikasema ni "near". Baadaye akauliza tena, nikasema "very near". Jua lilipofika utosini akaketi chini akakataa kuinuka, ikabidi arudishwe kwa bodaboda. Bosi wangu, Mama Prudensia, amesema nikirudia nifunge mizigo. Sasa nafanya mazoezi ya kusema "far". Linanitoka kama tusi.

Niambie kweli unaendeleaje.

Mwanao,
Salvina

Bugomora, Kyerwa
16 Juni 2024

Kwako mwanangu Salvina,

Marahaba. Za huko? Sisi hatujambo, mbuzi amezaa na kahawa imeanza kuiva.

Huyo mgeni wako hana shukrani. Anayeuliza njia anaomba nguvu, haombi vipimo. Babu yako alihama Kihanga kwa miguu akiambiwa njia nzima "ni hapo tu", na alifika. Ila kazi ni kazi, mtii Mama Prudensia.

Maneno yako ya Kiingereza nimejifunza katika daftari lako la shule, nisije nikaaibika ukiniletea wageni. Mbuzi yuko behind jiko. Kanisa liko near. Mama yako amelala next to mibuni, palepale tulipomzika. Nimepatia?

Kikohozi kinaisha. Hospitali ya nini? Kupona ni hapo tu. Kilimani siendi kwa sababu ya matope.

Baba yako

Ndama, Karagwe
24 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Umepatia yote, nimecheka peke yangu. Halafu nikafika kwenye matope. Matope gani kiangazi hiki? Huku tunakula vumbi.

Jana nilimwambia mgeni "far". Niliogopa kumtazama usoni. Hakuvunjika moyo, Baba. Alifunga viatu vizuri, akaomba fimbo, akaenda polepole mpaka akafika.

Mimi siwezi kutoka hapa kwa kikohozi cha "hapo tu". Mama Prudensia hatanipa ruhusa, na nikitoroka nafasi yangu anapewa mwingine. Lakini sipati usingizi kwa ajili yako. Basi nijibu kwa Kiingereza, maana Kiswahili chako nakijua. Kupona ni near au far?

Salvina wako

Ndama, Karagwe
8 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Anastazi amepita tena leo mikono mitupu. Nilimuuliza habari zako, akasema hajakuona barabarani, akaanza kuhangaika na tairi. Nimekusanya mizigo yangu nikaifunga, kisha nikaifungua. Niandikie hata neno moja.

Salvina

Bugomora, Kyerwa
11 Julai 2024

Mwanangu,

Salamu nimeziruka, nisamehe, hata kuandika kunanichosha.

Juzi nilitaka kupalilia kaburi la mama yako. Unapajua, next to mibuni, ukisimama mlangoni unapaona. Nikaishia katikati ya migomba. Kwenda mbele nikashindwa, kurudi nikashindwa. Jirani yetu Verdiana ndiye aliyeninyanyua. Akaniuliza kama naumwa sana, nikamwambia nafuu ni hapo tu.

Barua yako ninayo tangu siku ile ilipofika. Nimeanza kuijibu mara nyingi na kila mara nikaandika lilelile nililozoea, nikachana karatasi. Sikutaka uvunjike moyo njiani.

Mwonyeshe Mama Prudensia karatasi hii, akupe ruhusa.

Ni far, Salvina. Funga viatu vizuri, uje.

Baba yako,
Byarugaba